Elinipa Mbaga na Makasha Manne Yaliyomsubiri Mgeni Rasmi

Baba Mchungaji, viongozi wa chuo mlioketi hema la mbele, ndugu, majirani wa Maneromango, na ninyi mliotoka Kibaha tangu alfajiri kwa barabara hii yetu mnayoijua, maneno mtakayoyasikia yametoka kinywani mwa Bibi Tunu, bibi mzaa mama wa marehemu, ndiye aliyemlea, na kwa kuwa hakujaliwa kukaa darasani yameandikwa kama alivyoyasema, nami wa familia hii nimepewa kuyasoma, tarehe zimetolewa kwenye vyeti, mengine yote ni yake, naye ameagiza yasomwe bila kupunguzwa, hata yale ambayo baadhi yetu jana tulimwomba ayapunguze.

Dk. Elinipa Onesmo Mbaga alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1981, hapa Maneromango, wilayani Kisarawe, akiwa mtoto pekee wa Mzee Onesmo Mbaga, mwenyeji wa Same aliyekuwa karani wa serikali huko Kibaha, na marehemu Marselina, binti wa Bibi Tunu. Mama yake alifariki tarehe 2 Septemba 1984, mtoto akiwa na miaka mitatu na nusu, na baada ya matanga Mzee Onesmo, ambaye yupo hapa na anakumbuka, alisimama mlangoni kwa mkwe wake na kofia mkononi akasema, mama, mimi ofisini nitampakata kwa mkono gani, naye Bibi akamjibu, mwache hapa, mikono ya huku haina karatasi za kushika.

Alikuwa mtoto wa kushika vitu. Alifungua taa ya chemli ili aone utambi unakunywaje mafuta, akafungua redio ya babu yake ili aone anayesoma taarifa ya habari amekaa wapi, na kila alipoambiwa usishike, Eli, usishike, alijibu swali kwa swali, sasa bibi, nitajuaje?

Alianza shule ya msingi hapa Maneromango mwaka 1988 na kumaliza mwaka 1994, akafaulu kwenda sekondari ya bweni mkoani Morogoro, mwaka 1995 hadi 1998, kisha kidato cha tano na sita mkoani Iringa, mwaka 1999 hadi 2001, na mwaka huohuo akachaguliwa kujiunga na chuo kikuu kusomea biokemia, akahitimu shahada ya kwanza mwezi Novemba 2004 kwa alama za juu. Siku aliyokuja na joho lake, tukiwa tumechinja mbuzi, Bibi alimuuliza, sasa hiyo mashine mliyokuwa mnaisomea inafananaje, Elinipa akaokota kijiti akaichora chini, na mlango wake, na waya zake, na vitobo vyake, mchoro mzuri hata kuku wakaukwepa, Bibi akauliza, ni nzito, akajibu, sijui bibi, sijawahi kuigusa, akaulizwa, miaka mitatu, akasema, miaka mitatu, tulikuwa mia moja na ishirini na mashine moja, anayeshika ni fundi, sisi tunanakili. Bibi anasema walicheka siku ile, na anajuta kwamba walicheka.

Alifundisha sekondari Kisarawe mjini kuanzia Januari 2005, na mwezi Agosti 2007 akapata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili nchini Uswidi, ambako mambo yalimpata siku ya tatu tu.

Elimu aliyoifuata huko inaitwa proteomiki, na Bibi anaomba aieleze kama alivyoelezwa mwenyewe akiwa anachuja nazi: mwili wa kila kiumbe, uwe wa mtu, ng'ombe au mmea wa kunde, una maelfu ya protini, moja ya kubeba, nyingine ya kujenga, nyingine ya kupigana na maradhi, na zote zimechanganyikana kama watu mnadani, sasa anayetaka kuzijua moja moja huzipitisha kwenye kipande cha jeli, laini kama uji ulioganda, huku umeme ukizivuta kwenda chini, ndogo zikatangulia na kubwa zikachelewa, kama ambavyo ukiwaambia watu wote wapite kwenye ua wa miiba watoto watapenya na akina mama wenye mizigo watabaki nyuma, kisha ikimwagwa rangi ya buluu kila protini inaonekana kama mstari, na kwa pale mstari uliposimama unajua ukubwa wake, halafu ukitaka jina lake kamili unaukata mstari ule na kuupeleka kwenye mashine kubwa inayopima vipande vyake.

Basi siku hiyo ya tatu walimwambia Elinipa, mwenye shahada na alama za juu, adondoshe sampuli yake kwenye kitobo cha jeli kwa pipeti, na pipeti ni kama sindano isiyochoma, inafyonza tone dogo kuliko chozi, akaishika kama kalamu kwa sababu kalamu ndicho kitu alichofundishwa kushika, akaitoboa jeli, akatoboa na ya pili, mpaka binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mtoto wa miaka kumi na tisa, akamshika kiganja taratibu akamwonyesha. Usiku ule alimpigia Bibi simu na kusema, bibi, leo nimefundishwa kushika kijiko, nikirudi nyumbani hakuna mwanafunzi wangu atakayekuja kuaibika hivi. Hilo ndilo lililokuwa neno lake, na kila kitu kilichofuata kilitoka hapo.

Alirudi mwezi Juni 2009, akafunga ndoa takatifu na Bwana Evance Lukindo, mhasibu, Jumamosi tarehe 18 Desemba 2010, na Mungu akawajalia watoto wawili, Bertha aliyezaliwa tarehe 7 Mei 2012 wakati mama yake akisomea udaktari wa falsafa, akalelewa hapahapa kwa maziwa ya mbuzi na maneno mengi, na Onesmo mdogo aliyezaliwa tarehe 23 Agosti 2016. Walijenga nyumba yao Picha ya Ndege, Kibaha, wakahamia ikiwa haina dari.

Jumatatu tarehe 5 Oktoba 2015 aliajiriwa kuwa mhadhiri katika chuo kimoja hapo Kibaha, chuo ambacho wenzangu katika familia waliomba kisitajwe, na Bibi amekubali, amesema waliofanya wanajijua na wamekuja na gari. Alikuta somo la protini linafundishwa mwaka wa tatu kwa ubao na picha za ukutani, na swali la mtihani lilikuwa lilelile kila mwaka, chora mashine na utaje sehemu zake, na katika mtihani wa kwanza aliousimamia kijana mmoja alinyoosha mkono akamuuliza, madam, kifuniko nikipake rangi ipi? Alikwenda nyumbani hakula.

Kwa miaka minne aliandika barua kwa walimu wake wa Uswidi, na Jumanne tarehe 23 Julai 2019 yakafika makasha manne, yenye vyombo vya kuendeshea jeli, kitoa umeme chake, kinu cha kuzungushia sampuli, pipeti za kutosha wanafunzi wanne wanne, na kemikali zake, bure, hata ushuru umeshalipwa. Alimpigia Bibi akiwa uwanjani pale pale, nyuma yake watu wanashusha, sauti yake ikiwa juu, bibi, yamefika, wiki ijayo wanashika. Ndugu zangu, wiki ijayo ile ilichukua miaka miwili na miezi kumi.

Kikao kilikaa, kikaamua kwamba vifaa vya heshima kama vile haviwezi kutumika kabla ya kuzinduliwa, na kwamba atafutwe mgeni rasmi, na makasha yawekwe stoo yakiwa na nailoni yake. Elinipa aliuliza, mgeni akizindua kitu ambacho kimeshatumika atapungukiwa nini, akajibiwa na mkubwa mmoja, mwalimu, wewe nyumbani kwako unamkaribisha mgeni kwenye kiti ambacho watoto wameshakichafua? Tarehe ikapangwa, tarehe 12 Novemba 2019, fulana zikachapwa, mgeni akapata safari. Ikapangwa Machi 2020, ugonjwa wa korona ukaingia, hilo Bibi hamlaumu mtu. Ikapangwa tena Juni 2021, mgeni akahamishwa wadhifa wiki mbili kabla, ikabidi barua zianze upya kwa aliyekuja, naye akaomba apewe muda aizoee ofisi. Fulana zikachapwa mara ya pili. Wanafunzi wa miaka mitatu mfululizo wakahitimu kwa kuchora, kemikali zikaisha muda wake hazijafunguliwa, panya wakala waya kwenye kasha la tatu, na Elinipa kila alipouliza aliambiwa, vumilia daktari, mambo mazuri hayataki haraka. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, sisi huku mgeni hakuja.

Na mwenyeji alikuwa anaumwa, hatukujua. Hapa Bibi ameagiza nisome pole pole. Tangu mwishoni mwa mwaka 2019 miguu ya Elinipa ilianza kuvimba jioni, akija Maneromango anavua viatu na alama ya kamba inabaki kama imechorwa, Bibi akamwambia, mwanangu huo ni uchovu wa kusimama ubaoni, akamkanda kwa maji ya moto na chumvi, mwaka mzima anamkanda. Kisha uso ukajaa, na kule Picha ya Ndege majirani wakawa wanamsifu, mama Bertha umenawiri, mama Bertha baba Bertha anakutunza, tupe siri, naye anacheka, hata Evance akajisikia mume. Sote tulikuwa tunaangalia ugonjwa na kuupongeza. Bibi hajiondoi kwenye lawama hiyo, amesema iandikwe kwamba chumvi ilikuwa yake.

Jumatano tarehe 18 Mei 2022, zikiwa zimebaki wiki nne mwaka wa tatu wamalize, Elinipa alikwenda stoo kwa Mzee Hamidu, mtunza stoo, ambaye naye yupo hapa, akamwambia, mzee wangu shikamoo, nimechoka. Mzee Hamidu akamwitikia marahaba, akamtazama, akasema, mwalimu, mimi nakwenda kula, na siku hizi nikienda kula nakawia, meno yamepungua, na ule ufunguo sijui nimeuweka wapi, labda uko juu ya daftari la kupokelea. Alipotoka kula ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi tarehe 21 Mei wanafunzi kumi na sita, wale waliothubutu kuja, walishika. Kemikali mbovu alizitupa, nyingine alinunua, jeli walipika wenyewe, na kila kundi lilikuja na sampuli yake, kundi moja kunde ambazo Bibi alizituma kutoka shamba hili, jingine maziwa, jingine korosho mbichi, jingine ute wa yai, na mwalimu akahitaji pia sampuli moja ambayo haitatoa mstari wowote, ili vijana wajue utupu unafananaje. Bibi anaomba radhi kwa Baba Mchungaji, lakini sampuli hiyo ni haja ndogo ya mtu mzima, kwa kuwa figo nzima hazipitishi protini, na kuiomba kwa wanafunzi kungehitaji kibali ambacho kingekaa mezani kwa mtu semista nzima, kwa hiyo alitumia ya kwake.

Aliyepewa kuidondosha alikuwa binti mmoja wa Kisarawe mjini, Naila Shabani, mama yake ana genge karibu na stendi, mkono wake ni mwepesi. Rangi ilipokolea, mahali palipotakiwa kuwa patupu palikuwa na mstari mnene wa buluu. Elinipa akasema, Naila, umechovya pipeti kwenye yai. Naila akasema, sijachovya, madam. Wenzake wakaanza, Naila kapika chipsi mayai, Naila tuwekee na kachumbari, na mwalimu akacheka nao, akasema, rudia. Jumatatu akarudia, mstari uleule. Akaambiwa, osha vyombo vyote, rudia. Jumanne akarudia, na mstari ukaja, na darasa likaanza tena, safari hii Naila hakuinamisha kichwa, alichukua rula akailaza juu ya jeli, akasema, madam, samahani, sikatai nakosea, lakini yai lenyewe hili hapa, limesimama chini, na huu mstari uko juu, hii protini ni kubwa kuliko ya yai, hata kama ningechovya isingekaa hapa.

Elinipa aliinamia jeli akaisoma rula mwenyewe. Wanafunzi waliokuwepo wanasema alivuta kigoda akakaa, akasema, Naila, umesoma sawasawa, ni mimi niliyesoma vibaya, akachukua kalamu akamwandikia alama zote, akawaambia waoshe vyombo kwa mpangilio, pipeti zisilazwe. Kisha akatoka nje akampigia Evance. Usiku huo alimwambia Bibi, bibi, mwanafunzi wangu amenipima, na Bibi anasema katika sauti ile kulikuwa na hofu, lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho kama si kujua habari yenyewe angekiita furaha.

Hospitali walithibitisha kwamba kichujio cha figo kimeharibika, na wiki tatu baadaye kipande kile cha jeli, alichokikata Naila na kutumwa nje, kikarudi na jina, albumini, protini ya damu ya mtu. Daktari alisema figo zile zimekuwa zikivuja si chini ya miaka miwili na nusu, na kwamba zingeonekana mapema dawa zingeweza kuzishika. Bibi hakusoma hesabu, lakini hii ameipiga kwa vidole: makasha yalifika Julai 2019, kama wanafunzi wangeshika mwaka ule na mwaka uliofuata, kila mwaka mwalimu angeweka sampuli ile ile ya utupu, na kila mwaka angekuwepo Naila mmoja. Amesema hasemi chuo kilimwua, Mungu ndiye mwenye roho. Anasema tu kwamba ameipiga.

Tarehe 2 Juni 2022, siku sita baada ya majibu ya hospitali, alipokea barua ya onyo kwa kufungua mali ya chuo kabla ya uzinduzi, na Mzee Hamidu akahamishiwa getini. Makasha yakafungwa tena. Uzinduzi ulifanyika tarehe 19 Oktoba 2023, mgeni rasmi alituma mwakilishi aliyekaa dakika kumi na nane, keki ilikuwa na umbo la maabara, na baada ya hapo ukatolewa utaratibu kwamba wanafunzi wa shahada ya kwanza watazame fundi akifanya, wakiwa nyuma ya kamba. Wakati huo Elinipa alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, anakwenda Dar es Salaam asubuhi na kurudi mchana akiwa rangi ya jivu, na siku zilizobaki anakiandikia chuo barua, akiomba wanafunzi washike. Evance amezikuta nakala kumi na moja. Katika kikao kimoja mjumbe alisema, daktari, hawa watoto watavunja vitu, naye akamjibu akiwa amekaa kwa kuwa kusimama kulimshinda, wavunje, kilichovunjika kina fundi wake, mhitimu asiyejua kushika nitampeleka kwa fundi gani? Bibi alipokuwa akimwambia aache, apumzike, ale, alikuwa anamkasirikia, na hilo lilikuwa jambo jipya, Elinipa kumkasirikia bibi yake, alimwambia, bibi na wewe unaniambia nisishike?

Mwezi Januari 2025 walikubali. Ikaandikwa kwenye ratiba, Jumatatu, saa nane mchana hadi saa kumi na moja, mafunzo ya protini kwa vitendo, mwaka wa tatu wote, wanafunzi sitini na wanne, wanne wanne, kila mmoja kwa mkono wake, na kipindi cha kwanza kilikuwa tarehe 14 Aprili. Alifundisha akiwa amekaa kwenye kigoda, Naila, ambaye tangu Novemba 2023 ameajiriwa na chuo kama mhadhiri msaidizi mwanafunzi, yaani mwalimu wa ngazi ya chini kabisa, akizunguka kwenye meza. Tarehe 28 Aprili alimtuma Evance aje amchukue Bibi, wakamvalisha koti jeupe lililomfika kwenye vifundo vya miguu, wakampa pipeti, na sampuli ilikuwa kunde za shamba lake, vijana wanamwambia, bibi usibonyeze kwa nguvu, bibi taratibu, bibi toa pumzi, naye akadondosha. Mstari wake ulitoka umepinda. Elinipa aliwaambia wanafunzi, huyu ana miaka themanini na mitatu, ninyi kisingizio chenu nini?

Vipindi vilivyofuata alivihudhuria vyote hadi tarehe 2 Juni. Tarehe 9 Juni aliamka anapumua kwa shida, akapelekwa hospitali jijini Dar es Salaam, na asubuhi hiyo hiyo alimpigia Naila kumwambia kipindi kisiahirishwe, jeli zipikwe, sampuli za kundi la saba zilikuwa hafifu, zirudiwe. Kipindi kilifanyika. Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa tano na robo asubuhi, Dk. Elinipa Mbaga alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne, miezi miwili na siku ishirini na nane, ameacha mume, watoto wawili, baba na bibi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka mitatu, hasa wale wa chumba cha kusafishia damu waliomwekea kiti cha karibu na dirisha ili asahihishe mitihani, inawashukuru majirani wa Picha ya Ndege, ambao walipojua maana ya ule uso walileta uji bila chumvi kwa zamu na hakuna aliyewahi kukosa zamu yake, inamshukuru Mzee Hamidu, inamshukuru Baba Mchungaji na usharika huu uliombatiza, inawashukuru wahadhiri wenzake waliochangia damu, na wanafunzi walioshinda wamesimama huko nyuma kwenye mikorosho kwa kuwa viti vimeisha. Chuo nacho kinashukuriwa kwa gari, kwa sanduku, na kwa barua ya rambirambi ya tarehe 12 Juni.

Barua hiyo Bibi amesomewa mara mbili, na kwa kuwa wenye barua wapo atajibu hapa. Imesema maabara itapewa jina la marehemu na itazinduliwa rasmi kwa jina hilo katika tarehe itakayotangazwa, na kwamba katika kipindi hiki cha maombolezo mafunzo ya vitendo ya mwaka wa tatu yamesitishwa hadi atakapopatikana mwalimu mwenye sifa. Bibi anasema jina halitaki, jina analo, amelitamka kwa miaka arobaini na minne na halijamchosha. Anasema maombolezo ni ya kwake, na yeye mfiwa hakumwomba mtu asitishe kitu. Kuhusu mwalimu mwenye sifa, amewaona wakubwa wa chuo kabla ya ibada na kuwauliza, huyo Naila mnamwonaje, wakasema ni mzuri lakini bado hana shahada ya uzamili, akawaambia, aliyegundua maradhi ya mwalimu wake kwa rula mnamtakia karatasi gani ya kusimamia jeli, wakasema, bibi, tutalizungumza. Tutalizungumza ameshalisikia. Ameagiza isemwe mbele ya umati huu, na mbele ya mwili huu kabla haujafukiwa, kwamba keshokutwa ni Jumatatu, kwamba ratiba inasema saa nane, kwamba vijana sitini na wanne wamebakiza vipindi viwili wamalize chuo, na kwamba yeye mwenyewe atakuwa mlangoni na kanga yake ya msiba, hatapiga kelele, hajui kupiga kelele, atakaa tu kwenye ngazi mpaka mtu afungue.

Elinipa, mwana wa Marselina, bibi yako ameambiwa kwamba hapa mwisho husemwa pumzika kwa amani, naye amekataa kulisema lote leo. Amesema leo pumzika tu, umechoka, miguu imevimba, pumzika. Hilo la amani atakuja kukuambia mwenyewe Jumatatu jioni, wakishatoka darasani.